Shingo ya Bata kwenye Pikapu ya Sebagenzi

Vijana, kabla hujatoboa gari la mtu, lala chini yake. Sisemi uchungulie, nasema lala. Tandika gunia au katoni, ulale chali mpaka mgongo usikie baridi ya sakafu, kisha utazame juu kwa muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai ya moto. Utaona tangi la mafuta limekaa wapi, bomba la breki limepita wapi, nyaya zimejificha wapi. Ukiinuka bila kujua vitu hivyo vitatu, rudi chini.

Mimi nilijifunza hayo Goma, kwa Fundi Mateso, mtu wa Bukavu mwenye tumbo kubwa na sauti ndogo. Siku hiyo nilikuwa natoboa sakafu ya pikapu ya mfanyabiashara wa mkaa ili tumfungie vyuma vya kuzuia mzigo. Niliona ni kazi ya dakika tano. Drili ikapita bati, ikapita na kitu kingine laini zaidi, na nilipoichomoa tu, mazutu, yaani dizeli, ikaanza kumwagika chini ya gari. Mateso akaja polepole, akainama, akatazama.

"Yewe Kanuti, uliangalia chini mbele ya kutoboa?"

"Niliangalia, fundi."

"Uliangalia ama ulilala?"

"Niliangalia tu."

"Bon. Sasa lala."

Nikalala, nikaziba tundu kwa kidole, na dizeli ikanishukia kwapani hadi kiunoni wakati yeye anakata kipande cha sabuni ya mche bila haraka yoyote. Akaikanda kwa maji kidogo, akaisukumia pale kwenye tundu. Mlikumbuke hilo nalo: sabuni huziba tangi siku mbili tatu, kwa kuwa mafuta hayaiyeyushi. Nilirudi nyumbani nikinuka kiasi kwamba mama yangu alinipa chakula nje, na mbwa wa jirani akanipisha njia.

Hadithi hiyo niliwapa wanafunzi wa shule moja ya ufundi hapa Rubavu, upande wa pili wa mpaka kutoka Goma, mwaka huu, mwalimu wao aliponiomba nikaongee nao. Binti mmoja aliyevaa miwani ya kuchomelea juu ya kilemba aliniuliza, "Muzee, ni kazi gani uliharibu kuliko zote?" Nikampa ile ya sabuni. Darasa zima likacheka, mwalimu akacheka, mimi nikacheka. Kisha nikateremka kwenda nyumbani nikiona aibu kiasi kwamba sikuwasalimia watu niliopishana nao.

Kwa sababu swali lile lina jibu jingine, na nililijua hata wakati nacheka. Kulikuwa na mchungaji wa ng'ombe huko Kanzenze aliyeitwa Rwego. Alikufa kwa kazi ya mikono yangu. Na rafiki yangu Sebagenzi amebeba lawama ya kifo hicho miaka kumi na moja akidhani ni yake, nami nikamwacha aibebe. Haya ninayoandika ni kwa ajili yenu mliocheka. Mke wangu, aliyekulia Karagwe, ndiye anayeninyoosha Kiswahili ninapopinda. Hili la Rwego naye amelisoma kwa mara ya kwanza hapa, na leo hajaniambia neno tangu asubuhi.

Nianze na kifaa chenyewe. Trela mnazozijua hufungwa nyuma ya gari, chini ya bampa. Shingo ya bata ni kitu kingine. Trela yake ina shingo ndefu ya chuma inayopanda, inapita juu ya mlango wa nyuma wa pikapu, inashuka katikati ya bodi na kukaa juu ya tufe la chuma lenye ukubwa wa ngumi. Uzito unaangukia ekseli, yaani mhimili wa magurudumu ya nyuma, si mkia wa gari, ndiyo maana pikapu inaweza kuvuta ng'ombe kadhaa bila kuinua pua. Ya kwanza kuifunga hapa mjini ilikuwa ya mradi fulani wa mifugo. Jirani zangu walikuja kulitazama lile tufe lililochomoza kwenye sakafu ya gari, na mama mmoja muuza sambaza, dagaa wa ziwa letu, akaniuliza kama ni kigoda cha dereva wa akiba.

Sasa sikilizeni. Tufe halishikwi na bati la bodi. Bati lile ni la kubebea viazi. Chini yake, upande wa ardhini, kuna bamba nene, na bamba hilo lina mikono miwili inayofungwa kwenye shasi, yaani fremu inayobeba gari zima, kushoto na kulia, kwa bolti. Tufe likae mbele ya ekseli, vidole vitatu hivi, kamwe si nyuma yake. Pima pande zote mbili, kisha pima tena ukiwa na njaa, maana mtu akishiba anakubali kila kitu. Ukishakata tundu kwenye bodi, kingo zake zipige tupa na uzipake rangi siku hiyo hiyo, kwa kuwa mvua ya hapa hula bati lililo uchi kabla ya wiki kwisha. Bolti zitazame kichwani. Kama kichwa kina namba, nane nukta nane au kumi nukta tisa, hiyo ni bolti. Kama kichwa ni kipara, hiyo ni ya kufungia kitanda. Minyororo ya usalama, ile inayoshika trela ikiwa tufe limeachia, ishikwe na shasi yenyewe. Ukiifunga kwenye bamba la tufe, bamba likitoka minyororo nayo imetoka, na kazi yake ilikuwa nini?

Na shasi haichomelewi. Moto wa kuchomelea hulegeza chuma pembeni mwa mshono. Siku kitakapokatika, hakitakatika kwenye mshono wako mzuri unaojivunia, kitakatika kando yake, pale ulipoona pazima. Maneno hayo niliyapigia kelele gereji miaka yote, mpaka wateja wakawa wananiigiza. Sebagenzi mwenyewe alikuwapo siku nilipomfukuza dereva wa lori aliyetaka nimchomelee shasi iliyopasuka. Alicheka hadi akashika mbavu, akasema dereva yule atasimulia kwamba amekutana na padri wa vyuma.

Lazima niwaambie Sebagenzi ni nani kwangu. Tulikulia wote Masisi, ng'ambo ya mpaka. Niliporudi upande huu sikuwa na kitu ila sanduku la spana. Yeye alikuwa ametangulia na mifugo ya baba yake, akapata malisho Kanzenze. Mke wangu alipojifungua Aline, mtoto wetu wa kwanza, maziwa yake yalikataa kutoka. Sebagenzi akaja kwa miguu kutoka huko juu na ng'ombe anayekamuliwa, akamfunga mbele ya chumba nilichopanga, akatuambia jina la ng'ombe, akaenda zake kabla sijapata la kusema. Aline alikua kwa maziwa yale.

Kwetu sisi, mtu aliyekupa ng'ombe si rafiki wa kawaida tena. Humpingi mbele za watu. Humwambii hapana kwa mdomo mkavu. Na yeye naye, kwa kuwa ndiye aliyetoa, anajichunga asije akaonekana anakutawala. Hakuulizi sana, hakukagui, hakukumbushi. Ni kitu kizuri, vijana, na sitaki mtu aseme nimewafundisha kukidharau. Nawaeleza tu kilivyokuwa kati yetu siku ile.

Sebagenzi alikuja Alhamisi moja, miaka kumi na moja iliyopita, saa nane mchana, na pikapu yake ambayo haikuwa hata na mwaka, ikifuatwa na trela ya shingo ya bata iliyoburutwa na trekta. Trela aliinunua Kampala kwa mtu aliyekuwa anafunga shamba, pamoja na bamba, mikono na tufe lake, vyote ndani ya gunia. Mtoto wake wa kiume alikuwa anaoa. Familia ya binti iko Nyundo, na ng'ombe watatu wa mahari walikuwa wanangojewa huko kesho yake. Alikuwa na mshenga wa familia, mzee mrefu mwenye koti na fimbo, ambaye hakukaa kwenye kiti nilichompa, akabaki amesimama mlangoni.

"Papa Aline, uniokoe," akasema Sebagenzi. "Kesho asubuhi ng'ombe zinaenda. Bakwe banangojea."

"Si ungekodi lori tu, mukubwa?"

Mshenga akakohoa. Sebagenzi akacheka kidogo, akatazama chini. Nikaelewa kwamba walikwisha kuwaambia wakwe kuhusu trela hiyo, na kwamba kufika na lori la kukodi kungekuwa aibu kwao.

Nikalala chini ya gari, kama nilivyofundishwa. Nikaona ndani ya muda mfupi sana. Vifaa vile vilikuwa vya gari la aina nyingine. Mikono ya bamba haikufika kwenye matundu ya shasi, ilibaki nafasi ya upana wa kiberiti upande wa kushoto na zaidi kidogo kulia. Dawa yake naijua hata usingizini: kukata mikono mipya kwa chuma kinene, kutoboa shasi mahali panaporuhusu, kuagiza bolti zenye namba kutoka Kigali. Siku mbili, au tatu nikikosa basi la asubuhi. Jibu lilikuwa fupi na lilikuwa tayari mdomoni: haiwezekani kesho.

Nikatoka chini ya gari nikijipangusa mikono. Mshenga alikuwa ananitazama. Sebagenzi alikuwa ananitazama.

"Itawezekana?" akauliza.

"Itawezekana," nikasema.

Nimejiuliza mara nyingi kama ningesema vinginevyo tungekuwa wawili tu. Sijui. Labda ningesema vilevile. Ilikuwa tamu sana kumwambia ndiyo mtu yule, baada ya miaka mingi ya kutokuwa na chochote anachokihitaji kutoka kwangu.

Nikachomoa waya wa betri, nikajaza nafasi ile kwa vipande vya chuma, nikachomelea mikono kwenye shasi. Mimi, padri wa vyuma. Fito za kuchomelea, zile tunazoita bageti, zilikuwa zimeshika unyevu nami sikuzikausha. Nyuma ya mikono niliongeza bolti mbili nilizookota kwenye kopo, vichwa vipara. Minyororo nikaifunga kwenye bamba la tufe, kwa kuwa kuifikisha kwenye shasi kungetaka matundu mengine na jua lilikuwa linateremka. Nilipiga mshono mzuri, bado nauona. Nikaupaka rangi nyeusi kabla haujapoa vizuri.

Sebagenzi alisimama pale muda wote. Kuna wakati niliinua kioo cha uso, nikamwona amefungua mdomo kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Akaufunga. Akaniuliza habari za masomo ya Aline.

Tulipomaliza akapanda garini, akavuta trela tupu barabarani, akapita matuta mawili, akarudi anatabasamu.

"Iko sawa?"

"Iko sawa, mukubwa."

Asubuhi wakapakia ng'ombe Kanzenze. Hapo ndipo anapoingia Rwego, niliyekuwa namjua kwa kumwona tu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, aliyefiwa na mke, mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, aliyewachunga ng'ombe wa Sebagenzi tangu wakiwa ndama. Ng'ombe wale hawakuwahi kupanda chombo. Walikataa, wakarusha mateke, mmoja akavunja ubao. Rwego akaingia ndani ya trela, akaanza kuwaimbia nyimbo zao, akiwataja majina na sifa za mama zao, wakatulia mmoja mmoja. Alipotaka kushuka wakaanza tena. Basi akasema atakwenda nao. Mtu mwingine yeyote duniani angeona ni wazimu kumpandisha binadamu kwenye trela ya mifugo. Watu wetu waliona ni heshima: ng'ombe wa mahari wafike wametulia, ngozi bila mkwaruzo, na mchungaji wao akiimba. Walioshuhudia wanasema ilikuwa nzuri kuitazama ikiondoka.

Kuna mteremko ukishapita Kanzenze, una kona mbili zinazofuatana. Kwenye kona ya pili mkono wa kulia uling'oka na kipande cha shasi. Bamba likapinduka, likapasua bati la bodi, tufe likatoka pamoja na minyororo yote. Trela ikaenda yenyewe hadi kwenye mawe yale meusi ya volkano yaliyopangwa kama ukuta wa shamba, ikalala ubavu. Ng'ombe wawili walikufa. Rwego alikuwa chini ya mmoja wao. Walipomtoa alikuwa bado anapumua, na hakufika hospitali.

Waliniita nikakate vyuma. Nilipofika, Sebagenzi alikuwa amekaa juu ya jiwe, kofia mkononi. Nilikwenda kwanza kwenye gari. Nilitaka kuona, na niliona mara moja. Mshono wangu ulikuwa mzima. Shasi ilikuwa imekatika kando yake, unene wa kidole kutoka pale moto ulipoishia, sawasawa na nilivyokuwa nikihubiri. Minyororo ilikuwa inaning'inia kwenye bamba, imeshika hewa.

Nikaenda kwa Sebagenzi. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Ndiye mimi, Papa Aline. Nilikanyaga breki mubaya kwa kona. Nilisikia trela inanisukuma, nikaogopa, nikakanyaga yote. Ndiye mimi nilimuua."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nimepitia dakika ile mara nyingi kuliko dakika yoyote ya maisha yangu, na kila mara ulimi upo, pumzi ipo, maneno yapo. Niliweka mkono begani mwake, nikasema, "Pole, mukubwa." Alipoulizwa na walioandika ripoti, akawaambia vilevile: breki, kona, mimi. Nikabeba lile bamba hadi gereji, nikalikata vipande kwa grenda, nikavichanganya na chuma chakavu. Shasi niliipiga msasa pale palipokatika. Hilo halikuwa woga tu, vijana. Woga ulinifunga mdomo, lakini mikono iliyoshika grenda ilikuwa inafikiri vizuri sana.

Harusi ilifungwa baadaye bila ngoma. Sebagenzi aliuza pikapu na hakushika usukani tena. Alikuwa mtu wa kupenda kuendesha, wa kupiga honi kwa kila anayemjua, na akawa mtu wa kungoja basi. Alikwenda kwa Vestine, mtoto pekee wa Rwego, akampelekea mtamba, akalia mbele yake majirani wakiona, akamwambia, "Mimi ndiye niliyekunyang'anya baba." Na kila mwaka mpya alikuja kwangu, tukakaa, na kabla ya kuondoka alisema neno lile lile, kwamba hajajisamehe kwa ajili ya Rwego. Nami nilimwongezea bia. Miaka kumi na moja. Nilifunga shingo za bata nyingine nne baada ya hapo, zote kwa bolti za namba, minyororo kwenye shasi, na kila moja ilinifanya nishindwe kula siku nzima. Wateja waliniona fundi makini.

Sasa rudini kwenye darasa lile na binti mwenye miwani. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilipanda kwenda kwa Sebagenzi. Nilimkuta anakwangua matope kwenye viatu. Sikukaa. Nilijua nikikaa ataleta chai, na nikinywa chai yake sitasema. Nikamwambia nimesimama. Mikono haikufika. Nikachomelea. Bolti vipara. Minyororo kwenye bamba. Nililiona bamba siku ile ile, nikalikata mwenyewe. Siyo breki, mukubwa. Haikuwa breki kamwe.

Akaacha kukwangua. Kiatu kilikuwa bado mkononi.

"Miaka yote nilikuwa nakuja kwako," akasema mwishoni. "Nilikuwa nakuambia, na we unanitilia Primus."

"Ndiyo."

"Ndiyo," akarudia. Nilidhani atanipiga na kile kiatu. Ningeshukuru. Badala yake akakaa kwenye ngazi.

"Na mi nikuambie. Nilikuona unachomelea. Nilikuwa nimekusikia unafukuza mutu kwa gereji juu ya kitu ile ile. Nikataka kuuliza: Papa Aline, si ulisema shasi haichomelewi? Halafu nikasema, mi ni nani? Nikimuuliza ataona niko namukagua, ataona niko namukumbusha ng'ombe. Nikanyamaza."

Nilimchukia kwa dakika moja hivi, nawaambia ukweli, kwa kuwa alinipunguzia mzigo nami sikutaka upunguzwe. Kisha akavaa kile kiatu kikiwa bado na matope, akasema, "Twende kwa Vestine."

Anakaa juu ya barabara, Kanzenze, kwenye nyumba ya baba yake. Siku za kazi huvuka mpaka pale Petite Barrière na maharage kichwani kwenda kuuza Goma, kwa hiyo Jumapili ndiyo siku yake ya kuyachambua. Tulimkuta uani na ungo magotini, watoto wake wawili wamelala ndani. Akatuletea viti, akarudi kwenye ungo wake. Sebagenzi akasafisha koo.

"Vestine, tumekuja juu ya papa yako. Kuna kitu haikukuwa vile nilikuambia. Mi..."

"Hapana, mukubwa, acha niseme mimi," nikasema. "Ni kosa langu."

"Uniache kwanza nimuombe musamaha. Mi ndiye niliona."

"Uliona kazi yangu. Kazi ilikuwa yangu."

"Basi sema we, Papa Aline."

"Hapana, anza wewe, wewe ndiye mkubwa."

Vestine akaacha kuchambua, akatutazama kwa zamu. Nikasema mimi. Nilimweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi, ila bila maneno ya kifundi. Hakulia. Alipoona nimemaliza, akamgeukia Sebagenzi.

"Papa, ulimuona anachomelea?"

"Nilimuona."

"Na ulijua ni mubaya?"

"Nilikuwa nimesikia yeye mwenyewe anasema ni mubaya."

"Na haukumuuliza."

"Sikumuuliza."

Akanigeukia.

"Na we ulijua haitashika."

"Nilijua inaweza kutoshika."

"Na haukumwambia."

"Sikumwambia."

Akaokota jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa pembeni, akaokota jingine. Alikuwa na mikono myembamba ya baba yake.

"Donc basi papa alikufa sababu nyinyi wawili mulikuwa munaheshimiana," akasema.

Hakupandisha sauti. Akainuka na ungo wake, akaingia ndani, akaurudisha mlango bila kuufunga kwa nguvu. Sisi tukabaki uani, wazee wawili kwenye viti vyake, kila mmoja akingoja mwenzake awe wa kwanza kusema tuondoke.